Boksi la Stendi ya Shelui

Kinyangiri, Iramba
Mwezi wa tisa, 2005

Mdogo wangu Dorkas,

Marahaba. Nimeanza kuitikia kwa sababu najua umeniamkia kabla hujapasua bahasha, na kama hukuniamkia basi marehemu mama alitumia fimbo zake bure. Habari za hapo Shelui? Chai inauzika? Na ule mguu wako wa kushoto, bado unatabiri mvua au umeacha uongo? Mimi huku sijambo. Magoti yanalia kama mlango wa kanisa, lakini yanalia nikiinama tu, na siku hizi sina wa kuniinamisha.

La kwanza nataka ujue kwamba kaka yako amekuwa mfanyabiashara mkubwa. Usicheke, utamwagia wateja chai. Nauza mlenda kwenye intaneti. Picha yangu nimevaa tai ya mwanangu Elisha inaonekana mpaka Ulaya, wakati mimi mwenyewe sijavuka Manyoni. Wateja hawanipi nafasi ya kupumua. Kila siku ikifika saa kumi jioni simu inalia, watu wa Mwanza wananitafuta, na nikichelewa kupokea wanapiga tena.

Haya. Nimeyasoma maneno hayo na yamenitia aibu. Wewe umenijua tangu sijaota ndevu, kwa hiyo hebu niyanyooshe kidogo. Simu inalia kila siku, hilo ni kweli. Ila si wateja, ni mteja mmoja. Na hanipigii kwa kuwa anataka kununua. Ananipigia kwa kuwa alishalipa na mzigo wake haujafika.

Bonifasi, yule kondakta wa kibasi cha kwenu, amenifikishia salamu zako, na pamoja na salamu amenifikishia habari ya boksi lililotupwa hapo stendi. Anasema limeandikwa dawa za mganga na limefungwa kitambaa chekundu, kwamba hata mbuzi wanalizunguka, kwamba wauza karanga wamehamia upande wa pili wa barabara, na kwamba mchungaji wenu alilikemea akiwa amesimama mbali karibu na malori. Anasema chai yako imedoda kwa sababu kibanda chako ndicho kilicho jirani na boksi, na kwamba unaniuliza mimi, kama mkubwa wako, ufanye nini. Swali nimelisikia. Nitalijibu, lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Mzee hapandi mlima kwa kunyooka.

Unamkumbuka Chhotalal, yule mwenye duka wa Singida mjini aliyekuwa akinunua alizeti zetu baada ya ushirika kufa? Binti yake Deepa ameweka kompyuta mbili nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi na mabati, na watu wanalipia kukaa mbele yake kama wanavyolipia kunyolewa. Nilikwenda pale kuomba kamba, nikiwa na kifuko cha mlenda mkavu mfukoni cha kumpelekea shemeji yangu wa pale mjini. Deepa akauona. Akaniambia babu, kuna Wanyiramba walio mbali wanaandikiana kila siku kwenye intaneti wakililia chakula cha kwao. Nikamwambia mjukuu wangu, mlenda hata ukigawa bure watu wanajificha. Akasema walio mbali hawajifichi. Basi akanipiga picha, akaandika maneno yake huko ndani, na kabla mwezi haujaandama watu wa Dar es Salaam na Mwanza walikuwa wanaomba watumiwe.

Mama Elisha alipokuwa hai, mlenda ulikuwa kazi yake. Yangu ilikuwa kula na kulalamika. Alipoondoka ndipo nikajifunza kuchuma, kuanika juu ya mawe na kutwanga, huku wanawake wa hapa wakipita njiani taratibu ili waone vizuri. Mmoja alisimama kabisa, akaniuliza kama natafuta mume. Nikamwambia natafuta, ila awe anajua kuchota maji.

Sasa kuuza si kazi, Dorkas. Kazi ni njia. Mzigo wa kwanza uliotoka hapa kwenda Dar es Salaam ulifika ukiwa na magazeti ya zamani na nusu tofali. Wa pili ulipitilizwa mpaka Kahama, na nani aliula huko Mungu ndiye anajua, na nadhani naye alihara. Nilikwenda Iguguno kwa karani wa mabasi kudai haki yangu. Akageuza tiketi, akanionyesha maandishi ya nyuma, madogo kama chawa, kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenye mzigo. Zamani, basi lilipokuwa moja kwa siku, mzigo ukipotea ulijua nani wa kumtukana. Sasa mabasi yanafukuzana barabarani kama kuku na mahindi, kila moja na tajiri wake, na kila tajiri yuko mjini. Wanaita soko huria. Basi na kupoteza nako kumekuwa huria.

Deepa aliniambia kuna utaratibu. Mzigo ukichelewa, unamwomba mteja radhi kabla hajalalamika, halafu unampa namba ya kuufuatilia. Nikampa namba ya basi. Alicheka mpaka Chhotalal akaja na miwani yake kuona nani amekufa. Lakini baadaye hakucheka, maana yule wa nusu tofali aliandika kule ndani, mbele ya ulimwengu mzima, kwamba mzee wa tai ni tapeli. Deepa alinisomea kwa sauti ndogo. Iliniuma. Si kuitwa tapeli, nimeitwa mengi na mengine yalikuwa kweli. Iliniuma kuitwa na mtu ambaye hata hanijui.

Ndipo nikakaa chini nikafikiri. Mwizi wa mizigo anaogopa nini? Kamba haogopi, ana kisu. Mungu haogopi, anajua Mungu hana haraka. Lakini mwizi gani wa nchi hii atatia mkono ndani ya dawa za mganga asiyemjua? Nikachukua mkaa, nikaandika juu ya boksi kwa herufi za darasa langu la nne, kubwa mpaka kipofu angesoma: DAWA ZA MGANGA, USIFUNGUE. Nikachana kilemba chekundu cha marehemu Mama Elisha nikafungia. Nikalitazama, hata mimi niliyeliandika nikasogea nyuma kidogo.

Naona sasa umeweka birika chini. Ndiyo, mdogo wangu. Boksi ni langu. Ndani yake hamna pembe wala hirizi. Mna ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mna mlenda wa mvua zilizopita, wa mwisho niliokuwa nao, uliotwangwa ukawa laini kama unga wa mtoto. Mchungaji wenu amekemea mboga.

Bonifasi, bila kujua anamsimulia mwenye boksi, alinieleza lilivyofika kwenu. Basi la Mwanza lilipasuka tairi kwenye mteremko wa Sekenke. Walipofungua buti kutafuta jeki, wakakutana na maandishi yangu. Abiria wakaanza kuulizana nani amepanda na mganga. Mama mmoja akasema tangu Misigiri alikuwa anasikia baridi ya mgongo. Dereva akasema hatashusha basi mlima huo na kitu kile ndani, halafu akasema wala hatakishika kukitoa. Mwishowe utingo alikisukuma kwa fimbo kwenye gunia, gunia likafungwa nje kwenye keria, wakateremka mpaka Shelui wakiimba nyimbo za dini, wakakitupa hapo kwenu. Na basi, anasema Bonifasi, likaenda mpaka Mwanza bila hata kukohoa. Kwa hiyo ushahidi umekamilika. Nilitaka mtu asiibe, na kweli hakuna aliyeiba. Nilisahau tu kwamba asiyethubutu kuiba hathubutu na kubeba.

Sasa yule mteja. Jina lake Eliana, ni mwalimu huko Mwanza, ila asili yao ni Nduguti. Mlenda si wake, ni wa mama yake, Bibi Maria, ambaye bintiye alimchukua akakae naye baada ya kuona hawezi tena kuchota maji. Bibi amekaa huko ndani ya nyumba yenye umeme na kiti cha sponji, na hapendi chochote. Wajukuu wanaongea Kiswahili na Kiingereza. Eliana mwenyewe Kinyiramba chake ni cha kusalimia, na hata hicho anakisalimia vibaya. Bibi aliomba kitu kimoja tu, mlenda wa nyumbani.

Na mimi unajua simu yangu ilivyo. Ndani haishiki. Zizini haishiki. Inashika juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya zizi, tulipokuwa tukianikia mtama. Basi kila saa kumi napanda, goti moja likilaumu jingine, nakaa huko juu na simu mkononi kama mtu anayesubiri yai lianguliwe. Mwinjilisti alikuja kunipongeza kwamba siku hizi napanda juu kuomba. Sikumkatalia. Alikuwa amekuja na sukari.

Siku za mwanzo Eliana alikuwa anaongea kama mwalimu. Mzee, mzigo uko wapi. Mzee, ulisema Jumatatu. Nami nilikuwa naomba radhi kama Deepa alivyonifundisha. Halafu siku moja bibi akamnyang'anya simu. Akaniuliza, kwa Kinyiramba, mimi ni nani wa nani. Nikamtajia baba na babu na ukoo. Kimya. Nikadhani imekatika. Kumbe anakumbuka. Akasema baba yetu anamfahamu, alikuwa hodari wa kutembelea nyumba ambazo mwenye nyumba hayupo. Nikamwambia habari hizo zilitufikia. Akasema maishani mwake hajasikia mwanamume anayeuza mlenda, je niliishiwa ng'ombe au niliishiwa haya. Nikamwambia vyote viwili, ila haya ndiyo iliyotangulia. Akacheka, Dorkas. Nikasikia kwa nyuma Eliana akiuliza kuna nini, maana kumbe tangu amfikishe Mwanza hajawahi kumsikia mama yake akicheka.

Tangu siku hiyo ikawa ndivyo. Eliana anauliza mzigo, mimi nasema bado, kisha bibi anachukua simu. Ananiita kijana. Nina meno yanayohesabika, lakini duniani hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita kijana. Ananiuliza habari za Nduguti, na kwa vile sifiki huko, natunga. Anamwulizia fulani, aliyekufa miaka na miaka, namwambia yupo, analalamika meno. Anamwulizia fulani mwingine, namwambia ameoa tena, mke mnene. Anawatumia salamu, na kesho yake namletea majibu yao. Mitume walifufua mmojammoja, mimi pale juu ya jiwe nimefufua nusu ya Nduguti. Sijui kama hajui kwamba natunga. Siku moja nilimwambia shoga yake wa zamani anamsalimu, akasema basi mwambie nimesikia.

Nikishuka jiweni nakuta nyumba ilivyo. Nakoka moto, napika kidogo, nakula nimesimama. Elisha hupiga Krismasi, na hata hiyo Krismasi anaongea kama anayefukuzwa na mbwa, vocha inaisha baba, vocha inaisha. Simlaumu. Nakuambia tu ilivyo.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa. Salamu zako hazikunifikia jana, Dorkas. Bonifasi alizileta kabla ya mnada wa mwezi uliopita. Tangu siku ile najua boksi liko wapi. Ningeweza kupanda kibasi asubuhi yake, nikalibeba mbele za watu wote, mkacheka mkachoka, na jioni likawa njiani kwenda Mwanza. Na nilikusudia. Nilipanda jiweni, simu ikalia, Eliana akauliza kama kuna habari yoyote. Nikafungua mdomo niseme liko Shelui kwa dada yangu. Kilichotoka ni kwamba bado natafuta. Akahema. Akampa mama yake simu, tukaongea mpaka kivuli cha jiwe kikafika zizini.

Kesho yake nikasema vilevile. Na kesho yake. Kila siku nikipanda nasema leo nitamwambia, na kila siku nikishika simu najiuliza, nani humpigia mwuza mlenda ambaye mlenda wake umeshafika? Ungekuwa wewe ungempigia umwambie nini? Nimetafuna, asante? Nikaliacha boksi hapo jirani na kibanda chako, nikajua chai yako inadoda, nikanyamaza. Hiyo nayo nisamehe.

Juzi Eliana alipiga, na hakuongea kama mwalimu. Alisema mama yake amekataa kula. Siyo anabagua tena, amekataa. Ugali anausogeza, samaki anamsogeza, anasema atakula mlenda wa Kinyangiri ukifika. Amekonda mpaka pete inadondoka. Daktari kamwangalia, kasema ni uzee, lakini Eliana anasema uzee haujui kusogeza sahani. Akaniuliza, mzee, kweli kabisa hakuna dalili ya huo mzigo? Alikuwa analia, na alikuwa anajitahidi nisisikie. Nikaanza kumwambia. Wallahi nilianza, ingawa najua Mlutheri haapi hivyo. Lakini bibi akaichukua simu.

Sauti yake imekuwa ndogo, kama inatoka ndani ya kibuyu. Akaniuliza kwa Kinyiramba, kijana, mzigo hujauona? Nikasema bado, bibi. Akasema vizuri. Akasema, utafute polepole. Akasema hii simu bintiye huilaza ndani ya mkoba, huitoa saa kumi kwa ajili ya mzigo tu, na mzigo ukifika itarudi mkobani. Akasema yeye hana njaa sana, anaweza kungoja. Kisha akaniuliza kama yule mwenye mke mnene ameshapata mtoto.

Nilishuka jiweni kwa makalio, kama mtoto asiyejua kutembea. Nilikuwa nadhani nadanganya peke yangu. Kumbe tumekaa wawili juu ya boksi moja, mimi huku nalificha, yeye kule analingoja, na katika wawili hao anayepungua ni yeye.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Likamate hilo boksi. Usingoje giza, watasema na wewe ni mchawi. Nenda mchana, stendi ikiwa imejaa, waambie wote kwamba hilo boksi ni la kaka yako Peniel wa Kinyangiri, mjinga aliyeogopa wezi. Wakicheka waache wacheke, ndiyo dawa pekee iliyomo. Fungua ndoo mbele ya mchungaji, umwonjeshe. Kisha kata hicho kitambaa, unihifadhie, maana ni cha marehemu na sikupaswa kukichana. Ligeuze boksi. Chini yake, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuligeuza, nimeandika jina la Eliana na namba yake ya simu. Juu futa ya kwangu, uandike MLENDA. Nimefikiri sana, na hakuna kinga ya wezi inayoshinda hiyo. Tafuta mama mwenye sura ya kuaminika anayekwenda Mwanza, akae nalo miguuni, umpigie Eliana aje kumpokea. Barua hii anakuletea Bonifasi leo hii, kwa hiyo kesho basi la asubuhi lisipite bila mzigo huo. Mimi jioni nitampigia Eliana mwenyewe nimwambie yote. Nimeshanunua vocha. Bibi atakasirika, lakini atakasirika akiwa anatafuna.

Nisalimie wauza karanga, waambie warudi upande wao. Msalimu mchungaji, umwambie maombi yake yalifika, mlenda haukuoza. Wajukuu wapige kichwani kidogo kwa niaba yangu. Huku jirani zangu wanakusalimu, mbuzi wako yule mweupe amezaa pacha, na kaburi la shemeji yako nimelipalilia.

Limebaki moja. Hilo la boksi sikudai, hiyo ni kazi ya kuokoa mtu. Ninachokudai ni chungu cha pombe cha baba, kile ulichokivunja ukifukuza kuku, nikasema ni mimi. Zile fimbo zilikuwa zako. Hujawahi kunilipa, na mimi sijawahi kudai, leo nadai. Najua ile simu uliyoletewa unaiweka kwenye kopo la sukari ili isiishe. Usiimalize. Sitaki uongee, sitaki salio lako liliwe. Ila siku mojamoja, ikifika saa kumi na birika likiwa motoni, nibipu. Iache ilie mara moja, ukate. Sitapokea. Nitakuwa kule juu.

Kaka yako,
Peniel